Sikio la Gia

Kipande chenyewe hakikuzidi kidole gumba cha Kanze, na ndicho kilichomfanya mwanamke mzima atembee kutoka kambi ya kina Halkano hadi Garsen akikokota baiskeli kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Mvua ilikuwa imeacha tope lile jeusi la delta, linaloshika ndara na kukataa kuirudisha. Gia ya nyuma ilining'inia kwenye cheni na kugonga spoki kila gurudumu lilipozunguka, mpaka akaifunga kwa kamba ya mkoba wake. Kipande kilichovunjika alikiokota akakitia mfukoni mwa koti la kazi, maana hakujua kinaitwaje, wala hakujua angemweleza vipi mumewe bila kumwonyesha.

Karibu na stendi vijana wa bodaboda walimwona tangu mbali. Tope lilikuwa limewaweka kando siku nyingi, pikipiki zao zikizama hadi kwenye injini, na hawakuwa wamemsamehe kwa kupita kwa baiskeli mahali walipokwama wao. Mmoja alimuuliza kama leo daktari ameajiriwa na kampuni ya miguu. Mwingine alitaka kujua kama baiskeli ndiyo mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kanze alicheka nao, maana usipocheka na watu wa stendi watakufuata hadi mlangoni, lakini moyoni alikuwa akilia.

Hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa Kigiriama aliyeolewa na Mpokomo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kupima watoto, kuhimiza wajawazito waende kliniki, na kuhakikisha wagonjwa wa kifua kikuu wanameza dawa. Mradi mmoja wa afya wenye ofisi Hola ulikuwa umewapa wahudumu wachache wa delta baiskeli za milimani, zile za matairi manene yenye meno na gia nyingi. Watu walizicheka sana. Mlima wenyewe uko wapi hapa Garsen? Lakini zilikuwa nyepesi. Ukifika penye maji unaitia begani, unavuka, unapanda tena unaendelea na safari.

Sharti lilikuwa moja tu, na Bwana Martin, kijana mstaarabu aliyesimamia mradi, alilisema waziwazi siku ya kuzigawa: baiskeli itakayolala inarudi Hola, apewe mwingine atakayeitumia. Kanze alilisikia sharti hilo kila alipoiosha baiskeli yake. Kabla ya kuipata, kila mto ulipofurika alikuwa anakaa nyumbani kungoja maji yapungue, na huko ng'ambo mzee Halkano, mgonjwa wake wa kifua kikuu, alishakatizwa dawa, akaanza upya, akakatizwa tena. Tangu apate baiskeli mzee huyo hakuwa ameruka hata kidonge. Leo, alipomwona anaondoka kwa miguu, Halkano alisimama mlangoni mwa kibanda akiwa amejifunika shuka. "Wewe tembea pole pole," alimwambia. "Kesho mimi iko hapa tu." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimchoma njia nzima.

Gershom, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alitengeneza milango, mikokoteni ya punda, majembe ya plau na mageti ya makanisa, na sifa yake moja ilijulikana hadi Tarasaa: kitu cha Gershom hakivunjiki. Alikipokea kile kipande, akakigeuza, akakipima uzito kiganjani, kisha akakipinda kidogo kwa koleo. Kikakubali kupindika.

"Hiki si chuma," alisema. "Ni laini kama jibini. Walikuwa wanamchezea nani?"

Kilikuwa kibati kinene chenye matundu mawili. Tundu moja lilishikwa na skrubu kwenye fremu, nyuma kabisa, karibu na ekseli ya gurudumu. Tundu la pili lilishika gia. Gershom akakiita sikio la gia, na kuanzia siku hiyo kila mtu alikiita hivyo. Kanze alimpigia simu Bwana Martin, naye akauliza duka moja la Mombasa. Jibu lilikuja kesho yake: kila aina ya fremu ina sikio lake, hili hawana, litaagizwa kutoka nje na kungojewa miezi. Wenye duka waliongeza jambo moja, na Martin akalifikisha kama alivyolipokea. Sikio hilo limewekwa laini makusudi, ili likipata tabu livunjike lenyewe.

Gershom aliangua kicheko kilichowavuta wateja wa kibanda cha jirani. "Makusudi," alisema. "Naam, makusudi ununue jingine."

Hakuna aliyembishia. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: kufuli lililokatika ufunguo ndani, tochi iliyokufa siku ya pili, bomba la plastiki lililopasuka kabla halijapitisha maji. Watu wa huku wamenunua vitu vya kuvunjika maisha yao yote, na wamejifunza kwamba anayeviuza anajua. Kanze naye alicheka. Hakukumbuka hata mara moja kujiuliza kama kuna mtu anayeweza kukifanya kitu kivunjike kwa wema.

*

Gershom alichukua kipande cha springi ya lori iliyokuwa imelala nyuma ya kibanda tangu zamani. Akakichoma moto hadi kikawa chekundu, akakiacha kipoe katika majivu ili kilegee kidogo, kisha akakikata kwa msumeno na kuanza kukipiga tupa. Kanze alikaa juu ya debe akimtazama. Alikuwa ameolewa naye miaka mingi, na bado hakuwa amezoea jinsi mikono ile mikubwa, iliyoinua mageti, ilivyoweza kufuata ukingo mdogo vile bila kukosea. Alikuwa anakwangua, anakilinganisha na kile kilichovunjika, anapuliza vumbi, anakwangua tena. Mwishowe alivitia vyote viwili kiganjani mwa mkewe akamwambia afumbe macho aseme kipi ni kipi. Asingeweza kusema, kama si uzito.

Kilifungwa kikakaa. Gia zikapanda na kushuka bila kelele. Kesho yake Kanze alipita mbele ya stendi akipiga kengele bila sababu yoyote, na vijana wa boda wakampigia honi. Halkano alimeza dawa yake, akaonyesha ulimi mtupu kama alivyofundishwa. Kanze alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba Mungu alimpa mikono, kisha akamwongezea samaki.

Habari ilienea haraka. Baiskeli zote za mradi zilikuwa aina moja, na masikio yalikuwa yanakatika huku na huku, maana matope na vijiti vya njia zetu havikuwa vimefikiriwa na waliozileta. Wahudumu walikuja mmoja mmoja. Wengine walitaka sikio la springi hata kabla ya lao kuvunjika, ili walale usingizi. Wa mwisho alikuwa Dado, Mpokomo wa upande wa Tarasaa, mwanamke mrefu wa maneno machache. Gershom alimkabidhi sikio lake na kumwambia kwamba baiskeli itachakaa yote na hicho kitabaki. Dado alimshukuru, akalifunga, akaondoka.

*

Dado alirudi akiwa ameibeba baiskeli begani. Kanze alikuwa kibandani amemletea mumewe chai, na baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imeegemea nguzo. Wateja walikuwepo: mwenye mkokoteni, mwalimu aliyefuata dirisha, na Darmi, mwuza maziwa wa Kiorma aliyekuja kuzibiwa mtungi wa bati. Dado hakusalimia. Aliishusha fremu katikati yao, akaweka gurudumu lililopindika pembeni, akapangusa tope mikononi.

"Nimekuletea sikio lako, Gershom," alisema. "Ni zima kabisa. Tazama."

Gershom alipiga goti akatazama. Fimbo ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, ilikuwa imenasa kwenye spoki alipokuwa anateremka tuta, ikazunguka na gurudumu, ikaikamata gia na kuivuta kwa nguvu zote za mwendo. Kitu kimoja kilipaswa kushindwa. Sikio la springi lilikataa, halikuwa na hata mkwaruzo. Basi ikashindwa fremu. Ilikuwa imechanika pale pale sikio lilipofungwa, na mpasuko ukapita hadi kwenye kikalio cha ekseli, nyama ya ndani ikionekana nyeupe kama muhogo uliovunjwa. Gia yenyewe ilijikunja ikawa si gia tena.

Mwalimu aliuliza kama haichomeleki. Gershom alitikisa kichwa bila kumtazama. Ile ilikuwa aluminiamu nyembamba, haikujua moto wa Garsen, na kipande kizima cha fremu kilikuwa kimebaki huko tutani ndani ya tope. Dado alisema alikitafuta kwa mikono hadi akachoka. Alisema pia, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, kwamba alipoanguka alikuwa amebeba chanjo, na akina mama walikuwa wamepanga foleni wakimngoja.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Mwenye mkokoteni alianza kuukagua mkokoteni wake, maungio yote aliyochomelewa na Gershom, kana kwamba huko nako kuna jambo. Darmi alichukua mtungi wake ambao haujazibwa akasema atarudi siku nyingine. Na Kanze, ambaye angepaswa kumshika mwenzake mkono, alikuta macho yake yamekwenda nguzoni, kwenye baiskeli yake na kile chuma cheusi kinachong'aa nyuma yake. Wazo lake la kwanza lilikuwa, yangu je? Alijionea haya papo hapo, na haya hiyo haikumtoka kwa siku nyingi.

Jioni Bwana Martin alipiga simu. Hakugomba, alionekana kuchoka tu. Wakubwa wake walikuwa wamepata habari, na walichosema ni kwamba fremu haina dawa. Angekuja siku ya soko na pikapu, azikusanye baiskeli zote zenye vyuma vya kienyeji, zirudi Hola zikae mpaka vipuri halisi vitakapofika. Kanze aliuliza vitafika lini. Martin akasema hataki kumdanganya. Kanze akauliza mgonjwa wa kifua kikuu awekwe wapi mpaka hapo.

*

Kesho yake Gershom hakufungua kibanda. Alikaa uani amelipakata lile sikio la springi, na fremu ya Dado imelala mbele yake, maana Dado alikuwa ameiacha, hakuwa na haja nayo. Kanze alimpa uji ukapoa. Alimpa maneno, nayo yakapoa. Mchana aliliendea koti lake la kazi msumarini, akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha kwanza, kile laini, kilichovunjika siku ile njiani. Hakuwa na hoja yoyote. Alitaka tu mumewe ashike kitu kingine.

Gershom alikiweka kando ya kile cha springi. Akavitazama. Kisha akainua nyuma ya fremu ya Dado akaitazama nayo, akarudi kwenye kipande, akapitisha ukucha pale kilipovunjikia. Palikuwa pembamba kuliko kwingineko. Si kwa kuchakaa, palikuwa pamechongwa hivyo, duara limeingia ndani kidogo kama kiuno, mahali pamoja tu, tena mahali ambapo kikikatika hakigusi fremu wala ekseli. Kanze aliona nywele za mikono yake zimesimama.

"Mama Pauline," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao. "Walikuwa wanasema kweli."

"Nani?"

"Wa duka. Hakikuwekwa laini ili tununue kingine." Alikiinua kile kipande kwa vidole viwili, taratibu, kama kitu cha mtu. "Kuna mtu mahali alikaa akafikiri. Hajui Garsen, hajui mkoma, lakini alijua siku moja fimbo itaingia. Akajua lazima kitu kiumie. Basi akatengeneza hiki kiumie badala ya vingine vyote. Akakifanya kidogo, cha kubadilisha kwa skrubu moja. Nami nikakichukua nikakifanya kiwe bingwa."

Kanze aliketi chini pale pale kwenye vumbi. Alikuwa amepanda baiskeli ile msimu mzima, ameibeba begani kama mtoto, na hakujua kwamba nyuma yake kulikuwa na kitu kimoja kilichopewa kazi ya kufa kwanza. Siku ile njiani alikilaani. Alikiita takataka. Sasa alikitazama na machozi yakamlengalenga, akashangaa kwamba mtu mzima anaweza kulilia kibati. Ile ilikuwa akili kubwa namna gani, ya kuupanga udhaifu na kuuweka mahali pake?

"Tengeneza hicho," alisema. "Tengeneza kinachovunjika."

Gershom alimjibu kwamba hajui. Tangu ashike nyundo hakuwahi kutengeneza kitu cha kuvunjika, na akasema hivyo bila majivuno, kama mtu anayekiri hajui kuogelea.

*

Springi haikufaa, wala bati, wala nondo. Ilitakiwa aluminiamu. Gershom alikusanya pistoni chakavu za bodaboda kutoka kwa vijana wa stendi, waliompa huku wakimwuliza kama sasa anaunda ndege. Hazikutosha. Kanze akaenda jikoni akarudi na sufuria yake kubwa ya wageni, ile iliyokwisha toboka kitako akawa anaiweka kwa heshima tu. Gershom alimtazama kuhakikisha. Kanze akamwambia asimtazame, akate.

Kwanza alichonga sikio la mti, jepesi, linalofanana na lile la asili hadi kiunoni. Kisha akaleta mchanga wa mtoni, akauchanganya na udongo kidogo wa mfinyanzi, akaulowesha kiasi cha kushikana tu, maana ukizidi maji, aluminiamu ya moto itamrukia usoni. Akaushindilia katika visanduku viwili vya mbao, akalaza lile sikio la mti katikati, akafungua, akalitoa. Ndani ya mchanga pakabaki tundu tupu lenye umbo kamili. Kanze aliinama akachungulia. Lilikuwa sikio ambalo halijakuwepo bado.

Moto wa makaa ulipulizwa mpaka ukawa mweupe. Vipande vya sufuria vilikaa muda mrefu kana kwamba havitaki, kisha kwa ghafla vikalegea vyote pamoja na kuwa maji. Kanze alikuwa amepikia sufuria ile matanga na arusi, akaisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, na hakuwahi kufikiri kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kama hiki: fedha inayotikisika, yenye utando mwembamba juu unaokunjamana ukipulizwa. Alishika kifua. Gershom alikwangua utando, akamimina kwa pumzi moja, na ule mng'ao ukazama mchangani ukatoweka. Moshi mwembamba ukatoka kwenye vitundu vya kupitishia hewa. Walikaa pande mbili za kisanduku kama watu wanaomngojea mgeni mkubwa.

La kwanza lilitoka na mapovu ndani. La pili lilikuwa zuri, lakini Gershom alilipenda mno akaliacha nene, tabia ya zamani ikimvuta mkono. Alilifunga kwenye upande mzima wa fremu ya Dado, akaning'iniza ndoo na kuanza kuijaza mchanga. Ndoo ilijaa, ikaongezwa ya pili, na fremu ikaanza kulia kabla ya sikio. Akalifungua akaliingiza tupa kiunoni. Lililofuata akalipunguza sana, akalifunga kwenye baiskeli ya mkewe, Kanze akapanda, akabadilisha gia mara moja tu, likapinda mbele ya soko. Watu walicheka waziwazi sasa. Fundi wa vitu visivyovunjika alikuwa amehangaika siku nzima kutafuta kitu kivunjike, na hata hicho hakiwezi. Kanze aliisukuma baiskeli kurudi kibandani bila kuinua macho, akamkuta mumewe ameshaanza kumimina jingine.

Kazi ikawa hiyo, kupunguza na kujaribu, ndoo na tupa. Na katika kazi hiyo Kanze alimwona mumewe akibadilika mkono. Zamani alikuwa akikwangua kwa kusukuma, sasa alikuwa anasikiliza. Anakwangua kidogo, anaweka ndoo, anainamisha sikio lake mwenyewe karibu na chuma. Mwishowe lilipatikana moja lililovumilia gia zote, kupanda na kushuka, na chini ya ndoo likakatika ghafla pale kiunoni, wakati fremu bado haijalia hata kidogo. Akafanya mengine kwa kipimo hicho hicho, akajaribu baadhi yake kwa ndoo, yakakatika pale pale. Yaliyobaki akayapanga juu ya gunia.

*

Siku ya soko Bwana Martin alifika na pikapu. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli za wahudumu wengine, na kiti cha mbele alikuwa ameketi Dado, aliyepewa lifti kutoka Tarasaa ili atie sahihi kwamba yake imeharibika. Martin alisikiliza maelezo yote. Alizitazama ndoo, akaipitia fremu iliyochanika kwa kidole, akachukua sikio moja jipya akaligeuza kwenye jua. Alisema ni kazi nzuri mno, na alisema kwa moyo. Lakini ndoo si njia. Aliruhusiwa kurudi na baiskeli, hakuruhusiwa kurudi na hadithi.

"Basi tuijaribu njiani," alisema Kanze. "Baiskeli yangu ipo."

Gershom alimgeukia. Alijua anachokiweka mezani. Sikio likikataa kuvunjika, fremu itachanika mbele ya macho yao, na hapatakuwa na cha kungojea kutoka Hola wala kwingine. Kwenye kambi ya kina Halkano kulikuwa na mtu aliyekuwa akimtazamia, na njia ya kwenda huko ilikuwa imelala juu ya kibati cha sufuria yake mwenyewe.

Dado alishuka garini. "Nipande mimi," alisema. "Mimi najua inavyokuwa." Kisha, akikunja leso kiunoni, akamwambia Kanze peke yake, "Ikichanika, tutakuwa sawa, mwenzangu."

Halikuwa tusi wala tisho. Kanze alilipokea kwa sababu lilikuwa kweli. Akakata kijiti cha mkoma kando ya barabara akasema atakiingiza yeye, asimwachie mwingine dhambi hiyo.

Gershom alifunga sikio moja jipya kwenye baiskeli, na watu wa soko wakasogea. Vijana wa boda walizima injini. Dado alianzia mbali, akakanyaga pedali kwa nguvu kama anayekwenda kwake, akashuka mteremko wa kuelekea mtoni, na alipofika usawa wa Kanze alikuwa anapepea. Kanze akakiingiza kijiti kwenye spoki za nyuma.

Kulikuwa na mlio mmoja mfupi, tak, kama mtu aliyevunja ukuni mkavu. Baiskeli iliyumba, cheni ikalegea, Dado akaweka mguu chini akasimama. Hakuna aliyesogea. Gershom ndiye aliyekwenda, akapiga magoti nyuma ya gurudumu, na Kanze akapiga magoti kando yake. Gia ilikuwa imening'inia kwenye cheni, nzima. Sikio lilikuwa limekatika kiunoni, nusu kwenye fremu, nusu kwenye gia, mkato safi unaong'aa. Kanze alipitisha kidole kwenye fremu yote pale nyuma, juu, chini, ndani, pole pole kama anayempapasa mtoto aliyeanguka. Ilikuwa laini kote.

"Limevunjika," alisema Gershom. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kanisani.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha soko zima likapokea, na ilikuwa ajabu ya Garsen siku ile, umati wa watu kushangilia kitu kilichovunjika. Martin alipiga picha, akatuma, akaongea na simu muda mrefu akitembea huku na huko. Aliporudi alisema baiskeli zibaki, zitolewe vyuma vyote vya springi leo leo, na Gershom afanye masikio ya kutosha kila mhudumu awe na la akiba. Kuhusu Dado alisema atapeleka maombi. Alilisema hilo akitazama chini.

Gershom alifungua vile vipande viwili, akafunga sikio jipya. Ilikuwa kazi ya skrubu moja, haikuchukua muda wa kunywa chai. Alipomaliza, alimsogezea Kanze baiskeli.

Kanze aliishika usukani. Alihisi mpira wa mpini, ulioliwa na viganja vyake mwenyewe. Dado alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye pikapu, anangoja kurudishwa Tarasaa, mikono mitupu, na hakuwa anaomba chochote. Kama angeomba, ingekuwa rahisi kidogo kumnyima. Kanze alisimama pale akijua kabisa kwamba hataki kufanya anachokwenda kufanya, akaikokota hadi kwa mwenzake.

"Wiki hii panda wewe," alisema. "Jumapili ijayo uniletee, nami nitapanda. Mpaka hayo maombi yajibiwe."

"Na mgonjwa wako?"

"Nitamwendea kwa miguu. Nitaondoka mapema."

Dado alimtazama, kisha akamtazama Gershom, ambaye alikuwa amekuja nyuma yao na masikio mawili kiganjani. Gershom hakuomba msamaha kwa maneno marefu. Alimwambia tu kwamba alimharibia, na kwamba anajua. Kisha akamfungulia kiganja akayaweka ndani yake.

"Likivunjika usishtuke," alisema. "Ndiyo kazi yake. Funga jingine, uende."

Dado aliyafunga kwenye ncha ya leso. Akapanda, akashika njia ya Tarasaa. Kanze alisimama barabarani akimtazama hadi alipoacha kuiona ile nukta nyeupe ya sikio jipya kwenye gurudumu la nyuma, kisha akainama, akavua ndara zake akazishika mkononi, na kuanza kutembea kuelekea kwa Halkano.